Kompyuta ya Talaka

Nguvumali, Tanga
23 Mei 1999

Kwako Samira, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu, uzigawe kwa wote unaoishi nao, zikibaki ujifunike. Mimi ni mzima. Anayeandika ni Shenaz wa dukani, kwa hiyo ukiona mistari imenyooka usidhani nimekwenda shule uzeeni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunipunguzia ukali.

Mbuzi kazaa mapacha. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mvua. Umeme unakuja na kuondoka kama mume wa mitara.

Haya. Kikao kilikaa Ijumaa, barazani kwangu. Mzee Shekhe, yule aliyesimamia ndoa yenu, ndiye aliyeamua. Kasema kompyuta ilinunuliwa nusu kwa kiinua mgongo cha Maulid alipopunguzwa kiwandani, na nusu kwa bangili zangu nilizokupa wewe. Haikatwi kwa msumeno. Kwa hiyo itakaa kwangu. Maulid atakuja mchana kuchapa kazi za watu, nawe ukimaliza kozi utarudi kwenye nusu yako.

Nikakubali. Mwanamume akasimama, kanzu imepigwa pasi na huyo mkewe mpya wa Mwera, akasema: "Mimi sina neno, Mzee Shekhe. Ila nusu ya Samira ni nusu ya nini? Kuiwasha anajua. Mengine yote nilikuwa namshika kidole." Watu wakacheka, Samira. Walicheka kwenye mkeka wangu, wakinywa kahawa yangu.

Alikuandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, nikanyamaza. Kaoa kabla kitanda hakijapoa, nikanyamaza. Lakini wewe ndiye uliyetunga yale masomo ya kuchapa, wewe ndiye uliyemfundisha yeye mwenyewe pale ukumbini, nami nikikusikia! Hili silimezi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Niambie basi, nimwage maji ya moto upande gani wa hilo sanduku ili iungue nusu yake tu?

Na unarudi lini?

Bibi yako,
Mwanaasha binti Soud

*

Temeke, Dar es Salaam
20 Juni 1999

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Shenaz shikamoo yake pia. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Mimi sijambo, kozi inaendelea, chakula cha hapa hakina nazi lakini kinashibisha.

Bibi, usimwage maji. Ukimwaga, zinaungua nusu zote mbili.

Sikiliza. Ndani ya kompyuta kuna diski, na diski ni kama nyumba. Mpaka sasa nyumba yetu ina mwenye kuiendesha mmoja, anaitwa Windows; ndiye unayemwona Maulid akiwasha. Lakini nyumba moja yaweza kuwa na wawili, kila mmoja na chumba chake na desturi zake, kama mlivyoishi Tongoni wewe na marehemu mke mwenzako. Huku nimejifunza mwingine, anaitwa Linux. Mwalimu wetu katugawia sidii yake bure. Nimempa kondakta wa basi, imefungwa kwenye khanga. Juu ina picha ya ndege mnene, hana shingo.

Maelezo yote nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, Shenaz asiruke hata mstari. Kwanza mnakili masomo yangu kwenye disketi. Pili mmwamrishe Windows asogeze vitu vyake vyote upande mmoja wa nyumba. Tatu mjenge ukuta. Msijenge kabla hajasogeza, vitu vitakatwa vipande. Mwisho mtamweka Linux kwenye chumba kitupu na kumnakilia masomo yangu humo. Mkimaliza, kila mashine ikiwashwa itauliza kwanza: unaingia kwa nani? Kwa Maulid au kwangu? Kwangu hakuingiliki bila neno la siri, na neno hilo Shenaz alitie akilini, kisha achome karatasi.

Maulid mpe chai kama kawaida.

Samira

*

Nguvumali, Tanga
1 Agosti 1999

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Mapacha wa mbuzi mmoja kafa, mmoja anakula hadi kamba. Shenaz kapata mjukuu, kampa jina la marehemu baba yake, Fidahussein. Kachanga hakajafungua macho vizuri na kameshabebeshwa jina kama gunia.

Kazi imekwisha. Tuliifanya siku Maulid alipokwenda Mwera kwa wakwe. Shenaz alishika karatasi yako, mimi nilishika Shenaz. Ile sehemu ya kusogeza vitu niliipenda. Vijumba vya rangi vinahama kwenye kioo kimoja kimoja, kama watu walioambiwa na manispaa barabara inapita hapa. Ila hiyo mashine haina adabu. Kila hatua inauliza: "Una hakika? Una hakika kweli?" Nikamwambia Shenaz aiandikie kwamba mimi nimezika waume wawili, nina hakika.

(Mimi Shenaz: sikuandika hivyo. Nilibonyeza tu. Bibi alikuwa akinisomea Ayatul Kursi sikioni.)

Kesho yake Maulid akaja na bahasha zake. Kawasha, ikamuuliza anaingia kwa nani. Kaangalia kioo, kaniangalia mimi. "Bibi, nani kaigusa mashine?"

"Kikao kilisema nusu kwa nusu," nikamwambia, "na nusu ndiyo hiyo. Yako ipo. Ingia."

Akaingia kwake. Lakini alijaribu na mlango wako, nilimwona nikiwa jikoni. Ikamkatalia. Nikamwekea chai, bila sukari.

Nataka zaidi ya hapo. Hiyo ni haki tu, bado sijalipa.

Mbona husemi unarudi lini?

Bibi yako

*

Ilala, Dar es Salaam
12 Septemba 1999

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na mambo. Mwambie Shenaz hongera ya mjukuu, na mikono yake imefanya kazi ambayo huku wanafunzi wenzangu wanairudia mara tatu.

Jambo moja nililisahau, na ni kubwa. Usimwache Maulid peke yake na sidii ya Windows. Windows ni kama mke mkubwa mwenye wivu. Akiwepo tangu mwanzo, Linux akaja baadaye, wataishi. Lakini akitolewa na kuingizwa upya nyuma ya mwenzake, jambo la kwanza analolifanya ni kubadili kufuli la mlango wa mbele. Swali la "unaingia kwa nani" halitaulizwa tena. Maulid analijua hilo. Au atalijua.

Kozi imekwisha vizuri. Mengine nitakueleza.

Samira

*

Nguvumali, Tanga
25 Septemba 1999

Samira,

Leo salamu ni fupi. Mbuzi mzima, mimi mzima, Shenaz mzima.

Barua yako imefika Alhamisi. Maulid alikwisha kuja Jumamosi iliyotangulia.

Alikuja na maneno ya asali. "Bibi yangu, upande wangu umeingia takataka, naomba nisafishe. Wa Samira sigusi." Nami nikamwambia safisha. Hapa ndipo nilipoliwa, mjukuu wangu. Miaka yote ile Tongoni na mke mwenzangu, sikuwahi kusimama mlangoni kwake wakati anafagia. Hata tulipokuwa hatusemezani. Mwenzio akiwa chumbani kwake unapisha. Kwa hiyo nilimpisha, nikaenda kukuna nazi. Nilipotoka mwanamume keshajifuta jasho, anatabasamu.

Jioni Shenaz kawasha. Haikuuliza kitu. Imekwenda moja kwa moja kwake, kama wewe hukuzaliwa.

Na sasa anapita Nguvumali nzima akisema: "Ule upande wa Samira umekufa wenyewe. Hakujua kuujenga." Akazidisha. Anafungua darasa la kuchapa, hapa hapa ukumbini kwangu, kwa nusu yake, baada ya Idd. Kumbe nakala ya masomo yako ilibaki upande wake. Shenaz kaiona kwenye kioo: jina lako limefutwa, limeandikwa lake. Wakwe wa Mwera wataalikwa. Mzee Shekhe atafungua kwa dua.

Nilichukua nyundo. Shenaz akakaa juu ya kompyuta.

(Ni kweli. Nilikaa. Shenaz.)

Nipe ruhusa tu. Na mbona barua imetoka Ilala? Si ulikuwa Temeke?

Bibi yako mwenye hasira

*

Ilala, Dar es Salaam
2 Novemba 1999

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikawia. Huku kila kitu kilisimama kwa msiba wa taifa, najua hata Tanga redio zililia. Mungu atupe subira.

Nyundo irudishwe ilikotoka.

Upande wangu haujafa. Kilichobadilishwa ni kufuli la mbele; chumba kipo, masomo yapo na jina langu juu yake. Kwa basi la kesho nakuletea pakiti ya ubani. Ndani ya ubani kuna disketi. Hiyo ni kama mlango wa uani: mashine ikiwashwa nayo ikiwa imo, Shenaz ataingia kwangu moja kwa moja. Akishaingia afuate mistari niliyoandika nyuma ya karatasi ya ubani. Mistari hiyo inarudisha kufuli mkononi mwetu. Halafu inafanya jambo jingine, dogo. Katika orodha ya wenye nyumba inaondoa jina la Maulid.

Chumba chake hakitaguswa, Bibi. Kazi zake hazitapotea hata herufi. Ila mlangoni hapatakuwa na mtu wa kumjua. Alivyonifanyia, ndivyo.

Msiifanye sasa. Akiikuta mapema atairekebisha, au atamwita wa kuirekebisha. Ifanyeni siku moja kabla ya ufunguzi, baada ya Alasiri, akishaondoka. Mpaka hapo mwacheni aalike watu. Aalike wengi. Na Bibi, nakuomba kitu kigumu: mtilie sukari. Mwulize hali ya mkewe. Acha aamini umechoka.

Samira

*

Nguvumali, Tanga
15 Januari 2000

Kwako Samira, jicho langu,

Idd mubaraka ya kuchelewa. Tulifunga vyema, mguu ulinisumbua kwenye tarawehe lakini sikuukubalia. (Alianguka mara mbili. Shenaz.) Shenaz, hiyo futa. Mbuzi tulimchinja siku yenyewe. Alikuwa keshaanza kula mapazia.

Kaa chini nikueleze.

Ramadhani yote nilimfuturisha Maulid. Uji wa pilipili manga, tambi, kaimati. Nikamwuliza hali ya mkewe hadi mwenyewe akaona haya. Watu wakasema Bi Mwanaasha kalainika. Nami natabasamu, meno niliyobakiwa nayo yote nje.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa hadi barazani. Mzee Shekhe mbele, wakwe wa Mwera kwenye viti vya kuazima, mama mmoja wa ofisi ya kata na mkoba wake, na wasichana wa kutaka kujifunza wamejipanga ukutani. Maulid kavaa koti. Koti, Samira, Januari hii ya Tanga! Kaeleza jinsi alivyotunga masomo yake kwa taabu, usiku na mchana. Mzee Shekhe kaomba dua. Bwana mkubwa kabonyeza.

Mashine ikanguruma. Kioo cheusi, maandishi yakipanda mbio kama siafu. Kisha yakasimama, na Shenaz akanisomea sikioni: HAPA NI KWA SAMIRA. TAJA JINA LAKO.

Aliyaona pia Mzee Shekhe, maana ana tabia ya kusoma kila anachokiona kwa sauti. "Hapa ni kwa Samira," kasema. "Samira yupi?"

"Hitilafu ndogo," Maulid kasema. Kazima, kawasha. HAPA NI KWA SAMIRA. Kaandika jina lake, mashine ikamkataa. Kaandika tena, ikamkataa. Jasho limetoka kwenye koti, limechora ramani mgongoni. Mkwewe, yule mama wa Mwera, akauliza wala hakushusha sauti: "Huyu si ndiye mwenye mashine?"

Nikanyanyuka. "Maulid baba, labda kidole kimeteleza."

Hawakucheka mara moja. Kwanza walikumbuka kile kikao. Halafu walicheka, wale wale.

"Bibi, mmefanya nini?" kaninong'oneza.

"Mimi? Mimi sijasoma. Na Samira si hajui kitu? Basi ingia, wewe unayejua."

Shenaz akapita katikati ya watu na bajia mkononi, akaiweka kwenye sahani, akafuta vidole, akaandika neno lako. Ikafunguka. Somo la Kwanza likajaa kioo chote, na Mzee Shekhe, Mungu amrefushie macho, akasoma: "Limetungwa na Samira." Kisha akageuka na kumtazama Maulid. Asikuambie mtu, nimeona watu wakipigwa, lakini sijaona mtu akitazamwa vile.

Wakwe waliondoka kabla ya pilau. Pilau nilikuwa nimepika mimi, ikaliwa na wasichana.

Sasa Maulid amekuja. Kazi za watu zimo ndani: mitihani ya shule, kadi za harusi, wenyewe wanamgonga mlango alfajiri. "Bibi, nifungulie chumba changu." Nimemwambia ngoja nimwandikie mwenye nyumba. Sema wewe. Mimi kwa maoni yangu ningemwacha achachuke hadi Mfunguo Tatu, mahujaji wakiwa Makka.

Na wasichana wananiuliza, mwalimu anakuja lini? Nimewaambia mwezi ujao. Nimekwisha kukupigia chokaa chumba.

Bibi yako aliyeshiba

*

Ilala, Dar es Salaam
9 Februari 2000

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimecheka pale kwenye koti. Nimemsomea mwenzangu ninayekaa naye, naye akacheka.

Mwezi ujao siji.

Nina kazi huku tangu Agosti, ndiyo maana nilihamia Ilala. Natengeneza kompyuta za ofisi moja, nina meza yangu na ufunguo wangu. Kila ulipouliza ninarudi lini nilianza kuandika jibu, nikaandika kitu kingine. Nguvumali siwezi, Bibi. Siwezi kupita mbele ya baraza zile na kusalimia watu waliocheka, hata kama sasa wananichekea upande wangu.

Nusu yangu sikuihitaji. Nilitaka tu yeye aikose yake, mbele za watu, nao wamsikie akikosa. Nimepata. Nilidhani ningelala vizuri zaidi.

Mfungulie. Nyuma ya barua nimeandika mstari wa kurudisha jina lake. Na chumba changu kibomolewe, achukue nyumba nzima. Nimechoka kugawana na yule mtu.

Usinikasirikie kwa muda mrefu.

Samira

*

Nguvumali, Tanga
3 Machi 2000

Samira,

Mkono wangu ungefika Ilala, ungelala na shavu limevimba. Tangu Agosti! Nami nachinja mbuzi, napaka chokaa, naahidi watu mwalimu. Shenaz kaisoma barua yako akasimama katikati, ikabidi nimfinye aendelee. Nimekasirika siku kadhaa. Sasa nimemaliza, sikia.

Baki huko. Una meza, una ufunguo. Nilimzaa mama yako nikiwa sina hata kufuli la sanduku. Baki, ule, unenepe. Ila ukinificha jambo tena nitapanda basi, na hiyo ofisi yako itanijua.

Lakini la kubomoa chumba, hapana. Wewe umechoka kugawana, mimi sijachoka. Bangili zilikuwa zangu. Nusu ya Samira naichukua mimi.

Nimemwita Mzee Shekhe, nimemwita Maulid. Nikatoa sharti, na mzee akalitia muhuri kwa Fatiha. Jina la Maulid limerudi mlangoni. Ila neno la kuingilia kwake sasa liko kichwani mwa Shenaz, na Shenaz haliandiki kila siku ila mwanamume akishafundisha. Asubuhi anakaa kwanza upande wako. Anawafundisha wale wasichana masomo yako, bure, na kila somo analianza kwa kusoma kwa sauti nani kalitunga. Akimaliza, ndipo anafunguliwa chumba chake akachape kadi za watu.

Ati akanambia: "Bibi, huu ni utumwa."

"Huu ni ualimu," nikamwambia. "Si ulikuwa na hamu nao? Ulivaa hadi koti."

Wasichana wanajua sasa kuchapa bila kutazama mikono. Yeye ndiye bado anatafuta herufi kama kuku anatafuta punje, na wao wanamwona. Mmoja kamwuliza, "Mwalimu, mbona Samira kaandika vidole vyote, wewe watumia viwili?" Niliingia jikoni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Leo kachelewa. Wasichana wamemngoja, wakaenda zao. Kaja anahema, bahasha kwapani, kuna bwana harusi anamsubiri nje kwenye baiskeli. "Bibi, nifungulie kidogo tu." Nimemkalisha kwenye Somo la Kwanza alichape mwenyewe lote, kwa vidole vyote, na akikosea aanze upya. Ndiyo yuko hapo, hatua mbili kutoka alipokaa Shenaz na kalamu. Amefika mstari wa pili. Sasa amerudi wa kwanza. Bwana harusi anapiga kengele. Shenaz ananitazama, anasema inatosha, Bi Mwanaasha, tumfungulie.

Mwandikie mjukuu wangu, Shenaz, ili naye alale vizuri: bado.